Vichezeo na vitu vya kuguguna vinavyodumu kwa mbwa mtafunaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mbwa wangu si mtoto tena. Kwa nini bado anatafuna kila kitu?

Kwa sababu ni mbwa. Kutafuna humtuliza, humpa kazi ya kufanya na husugua meno. Mtoto wa mbwa ana sababu ya ziada: meno yake 28 ya utotoni huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu na nusu hadi minne, na akifika miezi saba huwa na meno 42 ya ukubwani. Kipindi chote hicho fizi zinamsumbua, na chochote kilicho karibu ni halali yake.

Mbwa mkubwa hutafuna zaidi siku isipokuwa na kitu. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa bandani saa kumi na mbili asubuhi na kufunguliwa saa mbili usiku ana saa 14 za kukodolea macho ukuta. Akila mlango wa banda, mpira wa kumwagilia bustani au madigadi ya gari, usishangae. Kichezeo kizuri kitapunguza hasara, lakini hakichukui nafasi ya nusu saa ya matembezi.

Kuna hali mbili ambazo dawa yake si kichezeo. Ya kwanza ni mbwa anayeharibu pale tu watu wanapoondoka, na alama zote za meno yake ziko kwenye mlango na madirisha: huyo anaogopa kuachwa peke yake, na mara nyingi hagusi hata nyama mpaka mtu arudi. Ya pili ni mbwa mzima aliyeanza ghafla kula udongo, mawe au plastiki. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo aangaliwe minyoo, lishe na tumbo.

Kinachodumu zaidi si ndicho kigumu zaidi?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi na meno mengi hupotea. Kitu kigumu hudumu kwa gharama ya meno ya mbwa. Kinachotakiwa ni kitu kinachokubali kubonyea kisha kikarudi umbo lake.

Enameli ya jino la mbwa ni nyembamba kuliko ya binadamu, na nguvu ya taya zake ni kubwa. Tena meno ya nyuma hayasagi kama yetu. Hukatana kama mkasi. Jino linaloumia zaidi ni lile kubwa la juu, la nne katika magego ya mbele, ambalo mbwa hulitumia kwa kuinamisha kichwa upande na kuguguna kwa shavu. Likikutana na kitu kisichobonyea, kipande bapa cha ubavu wake hubanduka. Wakati mwingine mshipa wa ndani hubaki wazi, vijidudu vikaingia, na baada ya wiki au miezi unaona uvimbe chini ya jicho. Wenye mbwa hudhani ni nyuki au jeraha la kupigana, kumbe ni jino.

Vipimo viwili vinatosha dukani. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: kama hakuna hata alama, kirudishe rafuni. Au jiulize kama ungekubali kupigwa nacho kwenye goti. Pembe, kwato, mifupa mizito ya miguu ya ng'ombe, mawe, mabonge makubwa ya barafu na nailoni ngumu kabisa vyote hufeli.

Nitajuaje kinachomfaa mbwa wangu?

Mpe kitu cha bei rahisi, kama boksi la karatasi ngumu ulilolitoa pini na gundi ya utepe, kisha mwangalie kwa dakika kumi. Usimsemeshe.

Kuna mbwa wanaopasua: hukanyaga kwa miguu ya mbele, hushika kona kwa meno ya mbele na kuvuta. Hawa humaliza vichezeo vya kitambaa kwa dakika chache, na udhaifu wao ni mshono, sikio, mkia, kitu chochote kinachochomoza. Wape umbo la mviringo lisilo na pa kushika. Kuna wanaoguguna: hulala chini, hubana kitu kwa viganja na kukisaga kwa magego taratibu. Hawa ndio hunufaika na raba nene. Wa tatu ni wamezaji, na ndio wa hatari. Mmezaji hukata kipande na kukishusha bila kutafuna, hasa akikuona unamkaribia. Kwake, hata kichezeo kizuri hubaki kwenye kabati mpaka uwe umekaa naye.

Uzito wa mbwa haukwambii aina yake. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anaweza kumaliza kitu ambacho Rottweiler wa kilo 45 anakibeba mdomoni wiki nzima bila kukitoboa.

Kwenye raba, nitazame nini hasa?

Unene wa ukuta kwanza. Ingiza kidole kwenye tundu na bana kwa nje: raba nzuri hukupa upinzani kama wa tairi la baiskeli lililojazwa vizuri. Ikikunjika hadi kuta mbili zikagusana kirahisi, mtafunaji wa kweli ataipasua.

Kisha tazama matundu. Kichezeo chenye uwazi ndani lazima kiwe na matundu mawili, kubwa na dogo. Chenye tundu moja hufyonza: ulimi ukiingia na mbwa akanyonya, hewa ya ndani hupungua na ulimi ukanaswa, ukavimba, na kumekuwa na mbwa waliokatwa ulimi kwa sababu hiyo. Tundu la pili ndilo linaloingiza hewa.

Nusa pia. Harufu kali ya mafuta au rangi inayobaki mkononi ni dalili ya raba ya kuokoteza. Na ukipinda kichezeo ukaona nyufa nyeupe, raba imeshachoka kwa jua kabla hujainunua. Hutokea sana kwa bidhaa zilizoning'inizwa nje ya duka.

Katika zinazojulikana, kampuni ya Kong ya Marekani huuza raba yake kwa ugumu tofauti: ya waridi au buluu nyepesi ni ya watoto wa mbwa, nyekundu ya mbwa wa kawaida, nyeusi ya watafunaji wakali. Lile umbo lake la vibonge vitatu lilitokana na kipande cha raba cha springi za Volkswagen, ambacho Fritz, mbwa wa mwanzilishi wa Kong, Joe Markham, alikipenda kuliko mawe aliyokuwa akisagia meno yake, huko Colorado miaka ya 1970. Zipo nakala nyingi za rangi hizohizo, kwa hiyo rangi peke yake isikudanganye, bonyeza.

Saizi gani?

Mbwa akiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Mbwa wa kilo 30 huangukia kati ya L na XL, mpe XL. Mpira usiweze kupita nyuma ya meno ya chonge na kukaa juu ya ulimi. Kitu cha kuguguna kiwe kirefu kuliko pua yake yote, kuanzia ncha hadi kati ya macho.

Je, mifupa ya supu?

Mfupa uliopikwa, hapana. Kupika hukausha utomvu unaoufanya mfupa unyumbuke kidogo, na ukivunjika hutoa vijiti vyenye ncha vinavyochoma koo, tumbo na utumbo. Wa kuku ndio maarufu kwa ubaya, lakini mbavu za mbuzi zilizochomwa hazina afadhali yoyote. Baada ya sikukuu, madaktari wa mifugo hupokea pia mbwa waliojaa unga wa mifupa uliogandamana kama saruji kwenye utumbo mpana.

Mfupa mbichi haupasuki kirahisi, ila una matatizo mengine: huvunja meno, hubeba vijidudu vya salmonela, na ule wa mviringo wenye uboho uliokatwa kwa msumeno buchani huvikwa kwenye taya la chini nyuma ya chonge na kukwama. Kuutoa huhitaji usingizi wa dawa na msumeno. Ukiamua kumpa hata hivyo, mpe mfupa mkubwa kuliko kichwa chake wenye nyama na gegedu nyingi, kwa dakika 15, ukiwepo, kisha uuchukue.

Machinjioni napata kwato, ngozi, masikio na koromeo kwa bei ndogo. Vinafaa?

Kwato na pembe hazifai, kwa sababu ya ugumu. Zaidi ya hapo kwato hupasuka kwa vipande vyenye makali kama kigae.

Ngozi iliyokaushwa ina shida ya kuvimba. Inaingia tumboni ikiwa ngumu, inanyonya maji na kuwa bonge. Mgugunaji mtaratibu huilainisha kwanza na kuitafuna. Mmezaji huimeza ikiwa kipande kizima. Ngozi ya kiwanda cha viatu usiiguse kabisa, ina kemikali za kutengenezea.

Masikio, mikia na koromeo la ng'ombe ni bora zaidi katika kundi hili, kwa masharti. Chemsha kwanza. Katika Afrika Mashariki sababu kubwa ni minyoo ya malengelenge, ambayo hukaa kwenye mapafu na maini ya ng'ombe, mbuzi na kondoo kama vifuko vya maji. Mbwa akila kifuko kibichi, anakuza minyoo midogo isiyomuumiza. Mayai yanatoka na kinyesi chake, na binadamu akiyameza anapata vifuko kwenye ini lake mwenyewe. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Kwa hiyo mapafu na ini kamwe zisiende kwa mbwa zikiwa mbichi. Chemsha kila kitu cha machinjioni kwa dakika 30 baada ya maji kutokota, na mpe mbwa dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wako.

Koromeo lina sharti la pili. Kata na utupe tezi ya thairoidi: jozi ya vinundu vya nyama nyekundu vinavyokaa pande mbili za bomba, karibu na juu. Mbwa anayekula tezi hizo mara kwa mara hupata homoni kupita kiasi, akawa na kiu, akakonda na kuhangaika usiku. Baada ya kuchemsha, pasua koromeo kwa urefu, lianike kwenye waya chini ya wavu wa kuzuia nzi, au likaushe kwenye oveni yenye joto dogo, nyuzi 80 hivi, mpaka likunjike bila kutoa maji.

Nimwachie kandambili ya zamani au kipande cha tairi?

Kandambili hapana kwa sababu mbili: sponji yake hukatika vipande laini vinavyomezeka, na mbwa hawezi kutofautisha ya zamani na uliyonunua jana.

Tairi ndilo linalowadanganya watu, kwa vile linaonekana la kudumu, na akala za tairi zimetembea maili nyingi. Ndani ya tairi la gari kuna nyuzi za chuma. Mbwa akishafikia ile safu, ncha za waya zinachomoza na kuchoma fizi na koo, na kingo za tairi la baiskeli mara nyingi zina waya pia. Mpira wa ndani wa baiskeli hauna waya, lakini hukatika kama utepe, na utepe ndani ya utumbo ni balaa, kama utakavyoona hapo chini.

Vitu vya shambani na jikoni je?

Karoti nzima, mbichi au iliyogandishwa, ni salama na nafuu. Kwa mtoto wa mbwa anayeota meno ni nzuri kuliko vingi vya dukani. Ila kwa mmezaji ikate kwa urefu au umshikie mwenyewe.

Gunzi la mahindi ndilo adui mkubwa. Halimeng'enywi, halionekani vizuri kwenye eksirei, na kipande cha sentimita tano kinakaa kwenye utumbo mwembamba mpaka upasuaji. Linanukia chumvi, ndimu na moshi, limetupwa barabarani karibu na kila mchoma mahindi. Mfundishe mbwa amri ya "acha" kabla ya kumtembeza jioni. Kokwa la embe ni ndugu yake. Muwa huacha makapi yanayosokotana tumboni. Muhogo mbichi una sianidi, usimpe kipande hata kidogo. Kifuu cha nazi kigumu mno, na nyuzi za kumbi zikimezwa kwa wingi hufunga njia.

Fimbo hupasuka na kuchoma kaakaa, na mti ilikotoka huenda ukawa na sumu: minyaa ya uani ina utomvu unaounguza mdomo na macho. Wanaoishi karibu na mashamba ya makadamia ya Mlima Kenya wazuie mbwa kuokota karanga zake; humlegeza miguu ya nyuma na kumfanya atetemeke.

Nakijazaje kichezeo cha raba ili kimshike kwa muda?

Ziba tundu dogo kwa siagi ya karanga kiasi cha punje ya njegere. Usizibe kwa kitu kigumu, hewa ipite. Kisimamishe ndani ya kikombe, tundu kubwa juu. Changanya sehemu tatu za chakula chake cha kawaida na sehemu moja ya kitu cha kushikiza: boga lililopondwa, kiazi kitamu kilichochemshwa, au mtindi usio na sukari. Kama anakula chakula kikavu, kiloweke dakika 15 kwanza. Dagaa ni kitoweo kizuri. Ondoa mchanga, waloweke kupunguza chumvi, wachemshe. Jaza bila kugandamiza, funika juu kwa boga, weka kwenye friza kwa saa nne hadi sita.

Mara mbili za kwanza mpe kisichogandishwa na kilicholegea. Watu wengi huanza na kilichoganda kama jiwe. Mbwa hapati kitu ndani ya dakika mbili, anakata tamaa na kuanza kula raba yenyewe. Akishajua mchezo, ongeza ugumu kidogo kidogo.

Punguza kwenye sahani yake kiasi ulichojaza. Vitu vya ziada, vya kuguguna vikiwemo, visizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku. Vitunguu, zabibu kavu na chokoleti zisiingie. Siagi ya karanga ikague: zailitoli, kiongeza utamu cha badala ya sukari, ambayo kwenye lebo huandikwa xylitol au E967, hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa nguvu na kuharibu ini. Karanga au unga wenye ukungu usimpe kwa kuwa "ni mbwa tu". Sumukuvu huua mbwa vilevile.

Friza huna? Jaza asubuhi kwa ugali mgumu uliochanganywa na mchuzi usio na chumvi wala kitunguu. Ukipoa hukaza vizuri.

Kamba, mipira ya tenisi na vichezeo vya kitambaa?

Kamba ni ya kuvutana na wewe, kisha inarudi kabatini. Mpira wa tenisi ni wa kurusha. Manyoya yake hubeba mchanga na kusaga meno kama msasa, hasa ufukweni. Kitambaa chenye kipuliza sauti ndani ni cha mbwa asiyepasua. Kwa bajeti ndogo, sokota pande tatu za jinzi kuukuu, funga mafundo mawili makubwa, na uitumie kama kamba. Kwa mtoto wa mbwa, lowesha taulo dogo, lisokote, ligandishe, mpe kwa dakika kumi; barafu ya kitambaa hubonyea, haivunji jino.

Nikitupe lini?

Kipande kikibanduka chenye ukubwa kuliko punje ya mchele, kichezeo kimeanza kufa. Tupa kikiwa na ufa unaoingia kucha, tundu likitanuka, au kitu cha kuguguna kikifupika hadi sentimita tano kwa mbwa wa wastani, saba kwa mkubwa. Usisubiri amalizie "kipande cha mwisho". Hicho ndicho kinachokwama. Mnyang'anye kwa kubadilishana: mpe kipande cha nyama, chukua kichezeo, na mara nyingine mrudishie. Ukimkimbiza, unamfundisha kumeza haraka.

Amemeza kipande. Nifanye nini?

Kama hapumui vizuri, fungua mdomo. Ukikiona na unaweza kukishika, vuta, lakini usichokonoe usichokiona. Mpira uliokwama kooni unaweza kusukumwa kutoka nje: weka vidole gumba nyuma yake chini ya taya na usukume kuelekea mdomoni. Ikishindikana, kwa mbwa mkubwa kumbatia tumbo kutoka nyuma, weka ngumi chini tu ya mbavu, bana kwa nguvu ndani na mbele mara tano, kisha angalia mdomo. Mbwa mdogo mshike miguu ya nyuma, kichwa chini.

Kama anapumua sawa, usimtapishe kwa maji ya chumvi. Chumvi yenyewe humdhuru. Mpigie daktari, mweleze ukubwa na muda, na ukienda beba mabaki ya kichezeo, kwa kuwa raba na plastiki nyingi hazionekani kwenye eksirei. Kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, kutopata choo, tumbo kuuma ukiligusa au kunyong'onyea: usingoje kesho. Uzi au utepe ukining'inia nyuma usiuvute. Upande mwingine unaweza kuwa umenasa juu, na kuuvuta hukata utumbo.

Jambo moja la tahadhari kwa huku kwetu. Mbwa anayetoa udenda, taya limelegea, anashindwa kumeza, na hakuna aliyemwona akila kitu: usitie mkono mdomoni. Kichaa cha mbwa hufanana kabisa na mfupa uliokwama. Mfungie, ita daktari wa mifugo. Aliyeguswa na mate yake kwenye kidonda au kung'atwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nina mbwa wawili wanaogombania.

Watenganishe kwa mlango au uzio kila wanapopewa kitu chenye chakula, na uokote vyote kabla ya kuwafungulia. Hata walio marafiki humeza haraka mwenzake akiwa karibu.

Nimemnunulia vitano, baada ya wiki amerudi kwenye viatu.

Amevizoea. Toa viwili tu, vingine vifiche, badilisha kila siku tatu. Viatu navyo viwe juu. Hakuna kichezeo kitakachoshinda kiatu chenye jasho la mwenye nyumba kikiwa sakafuni.

Navisafishaje?

Maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi ya chupa, siku ileile ya kutumia. Mabaki ya chakula kwenye tundu huota ukungu kwa siku mbili kwenye joto la pwani, na sisimizi hufika mapema zaidi. Suuza, kausha kivulini, maana jua kali hupasua raba. Kamba na kitambaa vifue, vianike juani hadi vikauke ndani ya mafundo. Fundo lenye unyevu hunuka hata baada ya kufuliwa.